Walimpa Mwanangu Damu, Nami Nikawaficha Sumu

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mkazi wa Garissa. Kwa miaka mingi niliuza maziwa ya ngamia. Sasa siuzi chochote. Niiteni Mama Hodan, kwa sababu hilo ndilo jina pekee ninalotaka kubaki nalo.

Najua wengi wenu mnaosoma visa kama hivi hutafuta mtu wa kumhurumia. Tafadhali, msiharakishe kunihurumia mimi. Someni kwanza mpaka mwisho, kisha mkiona nafaa kutemewa mate, temeni... sitajipangusa.

Niliolewa na Dahir nikiwa na miaka ishirini na mbili. Mungu alitupa mtoto mmoja tu, binti yetu Hodan, na baada yake sikujaliwa mwingine. Dahir ana duka la dawa za mifugo hapa mjini. Anauza dawa za minyoo, za homa, za kupe, na ile ya kuogesha ngamia wakishikwa na upele. Mimi nilikuwa na maziwa yangu. Ngamia wa kaka yangu hulishwa upande wa Bura, na kila asubuhi maziwa yaliletwa kwa gari mpaka mlangoni kwangu. Niliyagawa kwenye mitungi midogo, nikawapelekea wateja wangu wa kila siku.

Kwa wasiojua desturi yetu, niwaeleze kidogo. Kwetu chombo cha maziwa hakioshwi kwa maji na sabuni tu, kinafukizwa. Unachoma vipande vya mti maalumu wa nyikani, unakishikilia chombo mdomo chini juu ya moshi, unakifunika mpaka moshi ushike kuta zake. Maziwa yakiingia humo hayachachi upesi, tena yana ladha ambayo ukiizoea hutaki nyingine. Mama yangu alifukiza dhiil, vile vyombo vya kusuka kwa nyuzi. Sisi wa mjini tumehamia plastiki, lakini moshi ni uleule. Mwanamke kwetu husifiwa kwa moshi wake, na mimi nilisifiwa sana! Kina mama walikuwa wakifungua kifuniko, wakinusa, wakifumba macho kwa raha.

Miaka miwili kabla Hodan hajaugua, biashara ilikuwa imekua na mitungi hainitoshi. Siku moja Dahir alikuja na mitungi myeupe ya lita tano, mizito, mizuri, yenye vifuniko vinavyokaza barabara. Alama zote za karatasi zilikuwa zimekwanguliwa. Akaniambia ilikuwa ya sabuni ya maji, ameipata kwa mtu.

Nilifungua mmoja nikanusa.

Jamani... nilijua! Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Ilikuwa harufu kali yenye utamu wa kuchefua, inayokaa kwenye koo hata ukishageuza uso. Mimi ni binti wa wafugaji. Harufu hiyo nimeikuta zizini tangu utotoni, siku za kuogesha mifugo kwa dawa ya kupe. Nilimwambia Dahir kwamba hii haikuwa sabuni. Akacheka, akaniambia nifukize mara mbili, basi, moshi hauachi kitu.

Nikafukiza mara tatu. Harufu ikaondoka. Nikajisifu moyoni kwamba hakuna uchafu unaoweza kusimama mbele ya moshi wangu. Mnaona ujinga huo? Pua yangu ilisema kweli, nami nikaiziba kwa moshi kwa sababu mitungi ilikuwa ya bure na vifuniko vyake ni vizuri!

Dahir akaona imenifaa. Akaanza kuwauzia mitungi kama hiyo wauza maziwa wengine wanne, mmoja wao Eedo Shukri, yaani shangazi Shukri kama tulivyomwita sote, mama mtu mzima tuliyekuwa tukikaa naye kibaraza kimoja sokoni.

Haukupita muda mrefu, Dahir akaacha kunywa maziwa yangu. Alidai yanamjaza tumbo gesi. Mwanamume wa Kisomali, aliyelelewa kwa maziwa ya ngamia tangu anatambaa, eti tumbo! Tulimcheka nyumbani. Hodan alikuwa akimtania kwamba sasa amekuwa mtu wa ofisini, anataka maziwa ya unga ya mkebe. Na kweli alijinunulia mkebe wake, akauweka juu ya kabati, chai yake akaichanganya mwenyewe. Mimi nikaona ni madaha ya mtu aliyeanza kushika hela. Sikuuliza zaidi.

Hodan ndiye aliyeyapenda kuliko wote. Jioni mitungi ikirudi kutoka kwa wateja, chini huwa kumebaki maziwa kidogo, mazito, yenye povu na chembe za masizi. Ndipo ladha ya moshi ilipo zaidi. Hayo yalikuwa ya Hodan. Alikuwa akiinamisha mtungi mmoja baada ya mwingine kwenye kikombe chake, kisha anakunywa kikombe kizima, anajipangusa masharubu meupe kwa kanga yangu. Miaka miwili, kila jioni. Mpaka leo naisikia sauti ya yale mabaki yakidondoka kikombeni.

Alikuwa na miaka kumi na miwili alipoanza kupata alama za bluu miguuni. Nilidhani ni michezo ya shule. Kisha fizi zikaanza kutoka damu akipiga mswaki. Kisha midomo ikapauka, akawa anapanda ngazi mbili za nyumba anakaa chini kuhema. Tukampa dawa za malaria. Sheikh akamsomea. Jirani akaniambia mtoto hana damu, mpe maziwa kwa wingi.

Nikampa! Asubuhi kikombe, mchana kikombe, jioni mabaki yake yote. Nilikuwa nikimshikia kidevu ili amalize. Na Dahir alikuwa ameketi hapo hapo kwenye mkeka, chai yake ya maziwa ya mkebe mkononi... ananitazama.

Siku pua ya Hodan ilipotoka damu kuanzia swala ya adhuhuri mpaka alasiri bila kukatika, tulimkimbiza hospitali. Walipopima damu, mpimaji alirudia mara mbili akidhani mashine imeharibika. Kila kitu kilikuwa chini. Chembe nyekundu, chembe nyeupe, na zile za kugandisha damu. Akaongezewa damu siku hiyo hiyo. Baadaye tukapelekwa Nairobi, wakamchoma sindano nene kwenye mfupa wa nyonga wakatoa uboho. Alilia akiniita hooyo, hooyo, yaani mama, nami nimeshikilia miguu yake.

Majibu yalipofika, daktari wetu wa Garissa aliniita. Alikuwa mwanamke kijana kutoka bara, mpole, jina lake Daktari Mumbi. Aliniuliza kama ninajua kusokota kamba. Nikamwambia ninajua, nani kwetu hajui?

Akanieleza kwamba ndani ya kila chembe hai ya mwili, ile wanayoiita seli, kuna uzi mwembamba sana uliosokotwa wa nyuzi mbili. Ndio huo DNA. Humo yameandikwa maagizo yote ya jinsi seli itakavyoishi, itakavyofanya kazi na itakavyozaa nyingine. Kuna sumu zinazoingia mpaka humo zikaukata uzi. Seli ina njia ya kuunga uzi huo, na huwa inaunga kila siku, kwa sababu hakuna mwili usiokatwakatwa na kitu. Lakini sumu ikija tena kesho na keshokutwa, kabla kidonda cha jana hakijapona, seli inashindwa. Ikiona maagizo yake yameharibika kupita kiasi, inajiua yenyewe, isije ikazaa seli mbovu. Na zile zinazokataa kujiua zikiwa zimeharibika, hizo ndizo huja kuwa saratani.

Akasema uboho ndio unaotengeneza damu, na seli zake huzaliana upesi mno, kwa hiyo huumia mapema. Kwa mtoto anayekua ni vibaya zaidi. Kwa Hodan, seli mama za damu zilikuwa zimekufa karibu zote. Waliotazama uboho wake walikuta mafuta tu mahali ambapo damu ingekuwa inazaliwa.

Mafuta... Ndani ya mifupa ya mwanangu!

Kisha akaniuliza maswali. Je, mtoto amekuwa karibu na rangi za kupaka? Petroli? Dawa za mitishamba? Dawa za kuua wadudu? Hodan alikuwa amelala kitandani, macho wazi, anasikiliza. Nikasema hapana, hapana, hapana. Nikamwambia mwanangu hana baya analokula, anakunywa maziwa safi tu. Daktari akataka kuona chombo ninachowekea.

Kesho yake nikampelekea mtungi mmoja, hapo kando ya kitanda cha Hodan. Aliufungua akanusa, akauliza mbona unanuka moshi. Nikamjibu kwa majivuno, kwa Kiswahili changu cha sokoni ambacho watu wa bara hukitabasamia:

"Daktari, sisi nafukiza hii. Moshi naua mdudu yote."

Daktari alimimina maji ya moto ndani, akafunga kifuniko, akauweka dirishani kwenye jua. Mnalijua jua la Garissa. Baada ya saa nzima akaufungua na kunisogezea.

Nikanusa. Moshi ulikuwa umeisha. Chini ya moshi, ile harufu ya zizi ilikuwa imekaa mahali pake miaka miwili yote, nzima, tamu, ya kuchefua. Nilikimbilia ndoo nikatapika mpaka nikatoa nyongo.

Daktari alinieleza kwamba plastiki hunyonya dawa kama hizo ukutani mwake, na maji hayawezi kuzitoa zote. Lakini maziwa yana mafuta, na mafuta huzivuta polepole, tone kwa tone, kila siku. Moshi hauondoi sumu, unafunika harufu tu. Alisema pia, na ninaandika kama alivyosema, kwamba hawezi kuapa kuwa ni mitungi peke yake iliyouua uboho wake, kwa sababu ugonjwa huu wakati mwingine huja bila sababu kujulikana. Angepeleka mtungi ukapimwe na angewaarifu watu wa afya. Lakini mimi nisingoje majibu. Alinishika mkono akaniomba jambo moja. Niwaambie wateja wangu na wauza maziwa wenzangu leo hii, waiache mitungi hiyo leo hii.

Nikaahidi. Wallahi nilimwahidi.

Nilimkuta Dahir dukani. Nikafungua mtungi mwingine wa aina ile puani mwake. Hakuuliza ni nini! Alirudisha kichwa nyuma kabla sijausogeza, kama mtu anayekijua kitu. Nikamuuliza tumbo lake lilianza lini kujaa gesi. Akatazama chini. Nikamuuliza tena kwa sauti, wateja wakageuka.

Akasema alikuwa na shaka tu.

Shaka! Mtu ana shaka na maziwa, anajinunulia mkebe wake, anauweka juu ya kabati, na mtoto wake wa pekee anakunywa mabaki ya sumu mbele yake... halafu anaita hiyo shaka? Alijitetea kwamba yeye mwenyewe hakuwa na hakika, kwamba wenzake wote wenye maduka hufanya hivyo, kwamba kama ningemuuliza angeniambia. Nilimtazama mdomo ukicheza, meno meupe, ndevu zimechanwa vizuri, nikaona kinyaa ambacho sijawahi kukiona hata mbele ya mzoga. Nilikuwa nimelala na mdomo ule miaka kumi na minne.

Nikamwambia ninakwenda sokoni kusema. Hapo ndipo alipoinua kichwa, akanena neno ambalo liliniingia na kukaa.

"Sema," alisema. "Halafu umuulize daktari damu ya Hodan itatoka wapi."

Kwa sababu Hodan alikuwa akiishi kwa damu ya watu. Kila siku chache aliongezewa, na hospitalini damu ni adimu, inabidi ndugu na jirani waje kutoa. Na waliokuja kumtolea walikuwa akina nani? Wateja wangu! Walimu, waendesha bodaboda, kina mama wa mtaani, watu walionunua maziwa kwangu miaka na miaka. Wa kwanza kabisa alikuwa Mama Ifrah, jirani yangu, ambaye binti yake Ifrah alikaa dawati moja na Hodan. Dahir alinikumbusha majina yao mmoja mmoja. Nikiwaambia nimewanywesha watoto wao dawa ya kupe, nani angenyoosha mkono tena?

Nikarudi hospitalini kimya.

Mitungi yangu niliifukia shimoni nyuma ya nyumba, biashara nikaifunga, nikajidanganya kwamba nimetimiza nusu ya ahadi. Afisa wa afya alipokuja kuniuliza, nilimwambia mitungi ilikuwa yangu tu na nimeshaiharibu yote. Daktari aliniuliza kama nimesema. Nikamwambia nimesema. Kila asubuhi nilimwona Eedo Shukri akipita barabarani na mitungi myeupe kwenye mkokoteni, akinipungia mkono na kumwombea Hodan dua. Sasa wateja wangu wote walikuwa wamehamia kwake.

Nilikaa hivyo wiki tatu. Fikirini, wiki tatu! Watu wananyoosha mikono wanamtolea mwanangu damu, wakitoka hapo wanakwenda nyumbani kuwamiminia watoto wao sumu, nami nimeketi benchini nawaambia Mungu awalipe kheri. Dahir alikuwa na shaka. Mimi nilikuwa na hakika. Niambieni, kati yetu ni nani mchafu zaidi?

Siku moja mchana Mama Ifrah alikuja kumwona mgonjwa na chupa ya chai mkononi. Ndani hamkuwa na chai. Alikuwa ameleta maziwa ya ngamia, mabichi, yenye moshi, kwa sababu alijua Hodan anayapenda. Aliyanunua kwa Shukri asubuhi ile. Alisema nyumbani Ifrah amekunywa vikombe viwili, na hiki kingine amesema kiwe cha rafiki yake.

Nilimshukuru. Nilimsindikiza mpaka mlangoni nikitabasamu. Kisha nikaenda chooni nikayamwaga yote, nikaosha chupa mara tano.

Niliporudi, Hodan alikuwa ameegemea mto. Alitazama chupa mkononi mwangu.

"Hooyo, umeyamwaga?"

Niliiweka chupa kando ya kitanda.

"Na Ifrah je?"

Nikamwambia alale, maneno ya watu wazima hayamhusu. Nilimfokea mtoto asiye na damu mwilini! Alinitazama kwa muda, kisha akageukia ukutani. Nimetazamwa vibaya na watu wengi tangu siku ile, lakini hakuna aliyenitazama kama Hodan. Hakuwa na hasira. Alionekana ameona kitu kichafu, akaona aibu kwa niaba yangu.

Siku mbili baadaye Ifrah alikuja mwenyewe na mama yake baada ya shule. Nilikuwa nimetoka kununua maji. Niliporudi nikasimama mlangoni, kwa sababu nilisikia sauti ya Hodan, nyembamba, inayokatikakatika kwa kuhema. Alikuwa anamwambia Ifrah aache yale maziwa. Alimweleza yote kwa mpangilio, kama mtu anayesoma somo la sayansi. Dawa ya kupe, mitungi myeupe, uzi unaokatika, seli zinazojiua. Akamalizia kwamba baba yake alijua, na mama yake anajua.

Mama Ifrah aligeuka akaniona. Chupa za maji zilinitoka mikononi. Alimshika binti yake mkono, akapita karibu nami bila kunigusa, akivuta buibui lake pembeni lisinipanguse.

Habari zilifika sokoni kabla yao. Jioni hiyo Eedo Shukri alikuja mpaka uwanja wa hospitali, akanitupia mtungi mweupe miguuni, akalia akijipiga mapaja. Mama yule ana wajukuu saba, na wote aliwanywesha kwa mkono wake. Kwa nini sikumwambia? Yeye alinikosea nini, aliuliza, na tulikula sahani moja! Watu wakakusanyika. Wengine walinitukana mimi, wengine walimtukana Dahir. Dukani kwake walikwenda vijana na mawe, wakakuta amefunga. Alikuwa ameshapanda gari kwenda kwa jamaa zake Hulugho.

Asubuhi iliyofuata Hodan alihitaji damu. Nilipiga simu. Mmoja hakupokea. Wa pili alikata. Wa tatu alipokea, akasikiliza, akaniuliza kama najua mtoto wake wa mwisho ana umri gani, kisha akakata. Damu yangu haikumfaa, na ya kaka yangu walikuwa wameichukua siku chache tu zilizopita. Nikaketi kwenye benchi la chumba cha kutolea damu, peke yangu, nikitazama kiti kitupu cha ngozi. Maneno ya Dahir yalikuwa yametimia. Nikajiambia, basi, haya ndiyo niliyoyaogopa, na kwa kuyaogopa nimeyafanya makubwa zaidi.

Ilipokaribia saa tano, Mama Ifrah aliingia. Hakunisalimu. Alikaa kwenye kile kiti, akakunja mkono wa nguo yake. Muuguzi alipomaliza kumchoma sindano, ndipo aliponigeukia.

"Hii ni ya Hodan," alisema. "Si yako."

Niliitikia kwa kichwa. Mpaka mfuko ulipojaa, hatukusemezana tena, na mimi sikuthubutu hata kumwambia Mungu amlipe.

Wiki tatu baada ya hapo, Hodan alipata homa ya mapafu. Mwili ambao hauna chembe nyeupe hauna askari. Siku yake ya mwisho aliniuliza kama nimekwenda kwa wale wengine wanne waliouziwa mitungi na baba. Nikamwambia nimekwenda kwa wote, nyumba kwa nyumba, nimepigwa kofi moja na nimemwagiwa maji ya vyombo. Hilo lilikuwa kweli. Akatabasamu kidogo, akaniambia vizuri, hooyo. Alifariki kabla ya swala ya alasiri. Tulimzika siku ileile.

Ifrah alipimwa, na wajukuu wa Shukri, na wengine wengi. Kwa sasa damu ya Ifrah iko sawa, lakini daktari amesema arudi kila baada ya miezi michache, kwa sababu uzi ulioumia hautoi sauti, na madhara mengine huchukua miaka kuonekana. Kila akienda kupimwa, mama yake hanitumii habari. Huwa nasimama mbali na lango nikisubiri watoke, nisome nyuso zao.

Dahir amerudi. Duka amelifungua tena, amelipaka rangi mpya. Alituma wazee kwangu na ujumbe kwamba amenisamehe kwa kumwaibisha, nirudi nyumbani. Amenisamehe! Niliwapa wazee chai, nikawaambia wamfikishie kwamba nikimwona natapika. Mmoja wao alinisihi, akisema yote ni kadari ya Mungu. Nilimjibu kwamba Mungu alinipa pua.

Ndugu wasomaji, sina elimu ya kuwafundisha. Nimebaki na haya machache. Chombo kilichowahi kubeba dawa ya mifugo, ya shamba, ya kuua wadudu, hakifai tena kwa maji, wala maziwa, wala mafuta, wala nafaka. Hata ukikiosha mara mia. Hata ukikifukiza, ukakianika, ukakisugua kwa mchanga. Kitoboe, kisitumiwe na mwingine. Na usikichome, moshi wake nao ni sumu. Mtu akikuletea chombo kilichokwanguliwa alama, muulize aliikwangua kwa nini. Mume wako akiacha kula unachopika, muulize, tena usikubali jibu la tumbo.

Sumu haina haraka. Haikumwangusha mwanangu siku ya kwanza, ndiyo maana nilijipa moyo. Ilimkata kidogo kidogo mahali nisipoweza kuona, huku nikisifiwa.

Lakini hayo siyo yaliyonifanya niandike. Kutojua kungeweza kusamehewa. Mimi nilijua, nikanyamaza wiki tatu, nikiwaza kwamba ninamlinda mwanangu, na mwanangu mwenyewe akaona kinyaa kukaa kimya pamoja nami. Kama kuna mtu, awe jirani, awe mteja, awe mtoto wa mwenzako, anayekula au anayekunywa kitu ambacho wewe usingekubali mwanao akiguse, na hujamwambia, acha kusoma. Simama. Nenda ukamwambie sasa hivi.